Usukani si Mzigo

Msomaji, ikiwa unapenda magari hutakosa kuusikia ushauri huu, leo au kesho: ng'oa pampu ya usukani, gari litakuwa jepesi na litakimbia. Ushauri huu hunenwa chini ya mti penye fundi na wasaidizi wake, tena hunenwa kwa sauti ya mtu aliyegundua hazina iliyofichwa na watengenezaji. Mimi nasema kwamba ni ushauri mbaya. Ni mbaya kwa gari, ni mbaya kwa dereva, na ni mbaya zaidi kwa mtu wa tatu ambaye hakuulizwa, yaani yule apitaye kando ya barabara kwa miguu yake. Nakuomba unisikilize kabla ya kushika spana.

Neno usukani ni la kale kuliko gari. Lilitoka baharini, nalo lilikuwa jina la ubao wa nyuma ya chombo uongozao mwendo. Mabaharia wa pwani yetu walipozidiwa na tufani walitupa shehena majini ili chombo kipate kuelea. Mali ilitupwa, ingawa ilikuwa ya thamani; lakini hapana nahodha mwenye akili aliyetupa usukani ili chombo chake kiende mbio. Utanijibu kwamba hapa hautupwi usukani wenyewe, bali msaada wake tu. Ni kweli. Basi na tuutazame msaada huo ni kitu gani.

Msaada wa usukani, ambao mafundi wetu huuita pawa stiaringi, ni kazi ya mafuta yaliyoshinikizwa. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, na pampu huyasukuma mafuta katika mabomba. Dereva anapougeuza usukani, vali hufunguka na kuyapeleka mafuta upande mmoja wa pistoni, nayo pistoni huisukuma fimbo igeuzayo magurudumu ya mbele. Wewe uliyesoma kanuni ya Pascal darasani utaitambua hapa mara moja. Mhandisi Mmarekani, Francis Davis, aliushughulikia msaada huu tangu miaka ya 1920, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ilianza kuuza magari ya watu binafsi yaliyokuwa nao. Haukubuniwa kwa ajili ya uvivu. Ulibuniwa kwa sababu magari yalizidi kuwa mazito, na mikono ya binadamu ilibaki ile ile.

Tuanze na faida ya kuung'oa, maana mtu mwadilifu hamnyimi mpinzani wake haki yake. Pampu hula sehemu ya nguvu za injini. Jambo hilo halikanushiki. Lakini hula kiasi gani? Gari dogo linapokwenda moja kwa moja, aghalabu ni nguvu za farasi mmoja au wawili, katika injini yenye farasi 80 au 100. Hula zaidi wakati wa kukata kona, yaani wakati ule ule dereva anapouhitaji msaada wake. Na uzito je? Pampu, mabomba na mafuta yake, vyote pamoja, havifikii uzito wa mtungi mmoja wa maji wa lita 20, na punda wa Kitui hubebeshwa mitungi minne kwa safari moja. Mwenye kuutaka wepesi huo angeweza kuupata bila spana, kwa kuacha furushi moja nyumbani. Tena magari mengi ya siku hizi husaidiwa na mota ya umeme, ambayo hula nguvu hasa pale usukani unapogeuzwa. Katika hayo hakuna pampu ya kung'oa, na atakayekata nyaya zake atavuna hasara tupu.

Sasa tuitazame hasara. Gari lililobuniwa bila msaada hupewa gia za usukani za polepole. Dereva huzungusha mara nyingi, lakini kila mzunguko huwa mwepesi. Gari lililobuniwa pamoja na msaada hupewa gia za haraka, kwa kuwa mtengenezaji anajua kwamba mafuta ndiyo yatakayofanya kazi nzito. Ukiyaondoa mafuta, gia za haraka hubaki pale pale, na uzito wote huangukia mabega yako. Fundi mvivu akiutoa mkanda tu na kuyaacha mafuta ndani, itakubidi uyasukume mafuta hayo pia kwa mikono yako. Na katika magari mengine mkanda huo huo ndio uizungushao pampu ya maji ya kupoza injini. Autoaye bila kujua huiunguza injini ile ile aliyodai kuiongezea nguvu.

Hila ya jambo hili ni kwamba halijulishi ubaya wake upesi. Kijana hulitoa gari gereji, akaona usukani ni mzito kwa dakika chache za mwanzo, kisha akaingia barabara kuu kati ya Emali na Makindu. Hapo njia imenyooka, na kila usukani huwa mwepesi gari likiwa mbioni. Hurudi akicheka, akasema kwamba waoga wamekosa. Lakini barabara iliyonyooka haimpimi dereva. Hupimwa katika vilima vya Mbooni na Kilungu, ambako kona hufuatana na kona. Hupimwa mahali pa mchanga, ambapo gurudumu hushikwa na kuvutwa upande. Hupimwa katika njia itokayo Kibwezi kupita Ikutha na Mutomo hadi Kitui, mbuzi wanapokatiza ghafula, au punda anaposimama katikati kama aliyenunua barabara. Kwa wakati huo dereva ana nusu ya nafasi ya kupumua, na mkono wake ama utageuza usukani kwa wakati ama utachelewa. Farasi wawili walioongezwa katika injini hawatamfaa kitu.

Wapinzani wangu hupenda kutaja mashindano ya Safari. Husema kwamba mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa gari la Volvo PV544 lisilo na msaada wowote. Heshima yao nawapa, maana wanaistahili. Lakini gari lile lilizaliwa hivyo. Usukani wake ulipimwa kwa mikono ya mtu tangu kiwandani. Kuzaliwa bila kitu na kukatwa kitu si hali moja. Tena mwaka 2021 Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia, huko Naivasha, magari ya mabingwa yalikuwa na msaada wa usukani. Watu wanaohesabu sekunde kama bahili ahesabuvyo senti hawakuuona kuwa mzigo. Yako pia mashindano ya IndyCar ya Marekani, ambamo msaada huo haumo. Lakini magari hayo yamebuniwa hivyo, madereva wake huizoeza miili yao kwa taabu kubwa, na hushindana katika njia zilizofungwa, zisizo na punda wala mtoto wa shule.

Wako wengine ambao hawatafuti mbio. Pampu yao inavuja, fedha hazipo, na mtu huwaambia kwamba wakiing'oa watapata faida. Hawa nawahurumia, lakini nao wanadanganywa. Umaskini si aibu. Aibu ni kuuvika kanzu ya maendeleo. Gari bovu na liitwe bovu mpaka litakapotengenezwa, kwa maana siku moja litauzwa, na atakayelinunua huenda asiambiwe lililofanywa.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inakataza kutumia barabarani gari ambalo hali yake yaweza kuleta hatari. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, haki ingekuwapo. Gari ni mali yako. Barabara si mali yako. Mwanafunzi atembeaye alfajiri kwenda shule karibu na Wote hakushiriki katika mapatano yako na fundi. Wewe unapata majivuno, yeye anapata hatari. Biashara gani hiyo, ambayo faida ni ya mmoja na hasara ni ya mwingine?

Ukitaka gari lako liende vizuri, njia zipo. Safisha chujio la hewa, maana vumbi la Ukambani huiziba pumzi ya injini. Jaza matairi upepo wa kutosha. Badili plagi zilizochakaa. Ondoa mizigo usiyoihitaji. Kazi hizi hazina fahari, wala hakuna atakayekusifu kwa ajili yake, lakini zinarudisha nguvu bila kumdhulumu mtu.

Na shika kanuni hii katika gari na katika mambo mengine: usiondoe kitu mpaka ujue kiliwekwa kwa ajili gani. Mjinga huona kila asichokielewa kuwa ni mzigo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na ajuaye kugeuka kabla ya ukingo ndiye dereva.