Kiwanja cha Bariadi: Mali ya Umma Isigeuke Mirathi



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba wake.

Tumeletewa suala na familia moja ya hapa Unguja. Marehemu baba yao alikuwa akifanya biashara Bariadi, mkoani Simiyu. Yeye na wenzake walichangisha fedha kwa Waislamu wa Visiwani, wakanunua kiwanja kwa ajili ya madrasa na kisima. Kisima kimechimbwa, madrasa bado. Karatasi za mauziano zina jina la marehemu peke yake. Sasa baadhi ya warithi wanataka kiwanja kiingizwe katika mirathi, wengine wanakataa, na ndugu wa baba mmoja hawaamkiani. Wanauliza: kiwanja hiki ni cha nani?

Tumeona tulijibu hapa hadharani, kwa sababu nyumba zenye mgogoro kama huu ni nyingi kuliko zinazosema.

Hukumu ya kiwanja

Anayepokea sadaka ili anunue kitu cha Waislamu ni wakili wa waliotoa. Fedha haziwi zake, na kilichonunuliwa hakiwi chake, hata jina lake likiandikwa. Mirathi hugawiwa katika kile alichokimiliki maiti, na hiki hakukimiliki. Kama waliotoa walikusudia wakfu, basi wakfu hauuzwi, hautolewi zawadi wala haurithiwi.

Lakini dai linahitaji ushahidi: daftari la michango, stakabadhi, au mashahidi waadilifu waliohudhuria mauziano. Warithi wanaojua ukweli wakanyamaza, wanakula mali isiyokuwa yao. Warithi wasiojua wasihukumiwe kwa uvumi. Walete kilichopo mbele ya Kadhi. Tena wafahamu kwamba kiwanja kipo bara, na hukumu ya Kadhi wa Visiwani haitoshi peke yake kubadilisha jina katika ofisi ya ardhi ya huko. Kwa hiyo sulhu ya warithi wote, kwa maandishi, ndiyo njia fupi na salama.

Tusimdhulumu marehemu. Muuzaji alitaka jina, naye akatoa lake. Aliacha kazi zake akasimamia uchimbaji wa kisima, na watu wanakunywa maji leo. Nia tunaidhania kheri. Kilichokosekana ni utaratibu.

Pamba na funzo lake

Watu wa Simiyu wenyewe wana historia ndefu katika jambo hili. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, makao makuu yake yakiwa Bariadi, na ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi, waliunda vyama vyao. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho la ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, na likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika.

Shirikisho lilikua, lakini mkulima akawa mbali na hesabu. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza ushirika nchini, ikakuta wizi, uongozi mbovu, na wanachama wasiojua yanayofanywa kwa jina lao. Mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mwaka 2018 ikaagizwa pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, na malalamiko ya wakulima juu ya baadhi ya viongozi yakafika hadi TAKUKURU.

Tuzingatie: chama kilichozaliwa kwa sababu ya mizani ya mwengine, kiliumwa na mizani yake chenyewe. Kuwa chombo ni "chetu" hakukinusuru. Kinachonusuru ni mwenye mali kuweza kuuliza na kujibiwa.

Ngitili

Huko huko kuna mfano wa pili. Wasukuma wana desturi ya kutenga eneo la malisho na miti, lisiguswe mvua zikinyesha ili lisaidie wakati wa kiangazi. Huliita ngitili. Ngitili nyingi zilipotea kwa ukataji wa miti na kwa kuhamishwa watu kwenda vijijini miaka ya 1970. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya Shinyanga. Zilikuwa zimebaki hekta kama 600 tu zinazojulikana. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimepindukia 300,000. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Wataalamu na fedha vilikuwepo, lakini miradi mingi yenye vitu hivyo imekufa. Hapa kanuni ziliwekwa na wanakijiji wenyewe katika mkutano wao, dagashida. Ulinzi ukafanywa na sungusungu wao. Anayeingiza mifugo kinyume akatozwa faini anayoijua. Kila mtu alijua mpaka uko wapi na nani ataulizwa.

Shura si mapambo

Waislamu hatukupaswa kulijua hili kutoka kwenye malisho ya ng'ombe. Katika Suratu Shuura, aya ya 38, Allah ametaja kushauriana kuwa sifa ya waumini, baina ya Swala na kutoa. Tena tuangalie Uhud. Mtume (S.A.W.) aliona bora kubaki Madina, akafuata rai ya waliotaka kutoka, na Waislamu wakapata msiba. Pamoja na hayo, aya ya 159 ya Suratu Aal-Imran, iliyoteremka baada ya msiba huo, ikamuamrisha awasamehe na awashauri. Shura haikufutwa kwa sababu rai moja iliumiza.

Kuna wanaosema: kiongozi wetu ni mcha Mungu, hana haja ya kukaguliwa. Abu Dharr (R.A.) hakuwa na shaka katika ucha Mungu wake, naye alipoomba uongozi Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa yeye ni dhaifu na kwamba jambo hilo ni amana. Na Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, alihojiwa aliporudi akidai sehemu ni zawadi yake. Kukaguliwa si tuhuma, ni Sunna.

Upande wa pili, wingi wa majina si shura. Kamati ya watu kumi na wawili isiyokutana, inayoletewa karatasi kutia saini, ni mtu mmoja mwenye mihuri mingi.

Tufanye nini

Kwanza, mali ya umma isiandikwe jina la mtu. Bara, Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318, inaruhusu wadhamini kusajiliwa RITA na kumiliki ardhi kama chombo kisichokufa kwa kufa mtu. Kwetu ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Pili, fedha zitoke kwa saini zaidi ya moja, na wasiwe mtu na mwanawe.

Tatu, hesabu zisomwe mbele ya waliotoa, walau kila mwaka, na wanawake wasikie na waulize, kwani michango mingi inatoka mikononi mwao.

Nne, uongozi uwe na muda, na anayetoka akabidhi kwa maandishi.

Tano, wenyeji washirikishwe. Kisima cha Bariadi kitalindwa na watu wa Bariadi, si na kamati inayokutana Darajani.

Kwa familia iliyouliza: kaeni pamoja, andikeni mnayoyajua, mkabidhini kiwanja wadhamini. Baba yenu alianza sadaka inayoendelea. Msiikate kwa mikono yenu, na muamkiane leo kabla ya Magharibi.

Wallahu a'lam.