Bibi kagoma kula samaki, nikampikia pai

Wiki hii nakupeleka Michenzani kwa bibi yangu, na tafadhali usinicheke ukisikia nimeshika mwiko. Pale Forodhani wanaume wanachoma na kukaanga kila jioni mbele ya umma, mbona hawachekwi?

Kisa chenyewe ndiyo hiki. Bibi alikwamwa na mwiba wa changu, akahangaika nusu saa nzima. Toka siku hiyo, samaki basi! Miezi miwili anakunywa uji tu, mwili unakwisha, mama anajificha uani kulia. Mtu wa Unguja asile samaki? Tukaingiwa na hofu ya kweli.

Nikakumbuka pai ya samaki, chakula cha Waingereza: samaki chini, mbatata za kuponda juu. Wao hutia maziwa. Sisi nazi tunayo, maziwa ya nini?

Asubuhi na mapema nikaenda Darajani, nikachukua nguru kilo moja. Nguru ana nyama nene na miba yake mikubwa inaonekana. Nikamchemsha kwa ndimu, thomu, chumvi na bizari ya manjano kidogo. Akishaiva mtoe, usubiri apoe, halafu mchambue kwa vidole penye mwanga. Hapa usifanye haraka, ndugu yangu. Mimi nilipitisha vidole mara tatu, na mara ya tatu nikakuta mwiba!

Supu usimwage. Kaanga kitunguu maji, nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano, tia supu kidogo kidogo pamoja na tui jepesi, koroga mpaka uzito uwe kama wa uji. Changanya na samaki wako na pilipili manga. Karoti na njegere ukiwa nazo, sawa, huna, usikope.

Mbatata kilo moja, chemsha, mwaga maji, kisha zirudishe motoni dakika moja zikauke. Wengi wanaruka hatua hii ndiyo maana zao zinakuwa kama urojo. Ziponde zingali moto, kwa tui zito na siagi kidogo.

Nilikuwa nimeazima oveni ya jirani. Nimeshapanga kila kitu, paap! Umeme umekwenda. Nikakaa kitako kwenye kibao cha mbuzi, nimenyong'onyea.

"Mume wangu," bibi akaita toka chumbani (ndivyo anavyonitania), "kwani mkate wa kumimina sisi tulikuwa tunaoka kwa umeme?"

Akatoka mwenyewe na mkongojo wake, akaketi, akaanza kuamrisha. Paka samli sufuria pana. Tandaza samaki, funika kwa mbatata, chora mistari kwa uma, paka yai. Seredani iwe na makaa machache tu chini. Makaa mengi palia juu ya mfuniko wa bati, na mfuniko ubane sawasawa majivu yasiingie. Vitu vyote vimeshaiva, moto wa juu unatafuta rangi tu. Dakika ishirini na tano hivi, chungulia.

Ndipo akaanza hadithi za giza. Kuanzia Mei 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme, na toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Waliokuwa na majiko ya umeme, anasema, walikuja kwake kuuliza namna ya kupalia. Anacheka mpaka mkongojo unaanguka!

Tulipofunua, juu rangi ya dhahabu, pembeni mchuzi unachemka. Nikampakulia kijiko kimoja. Akakitazama, akanitazama.

"Miba?"

"Nimechambua mara tatu, bibi."

Akatia mdomoni. Mama kasimama mlangoni, hapumui. Bibi akameza taratibu, akanyoosha sahani yake.

"Ndimu umebania," akasema. "Ongeza hapa."