Barabara inaonekana kwenye telefone, lakini itapita kwenye parseli ya nani?

Mu Bukavu, moto ukishika nyumba moja ya mbao katika komini ya Kadutu, mara nyingi hauishii hapo. Nyumba zimebanana, ukuta unagusa ukuta, na motokari ya kuzima moto haina pa kupita. Kila mara wakaaji wanasema: njia zifunguliwe. Lakini kufungua njia ni kubomoa nyumba za watu, na hapo ndipo ubishi unaanza.

Kwa kawaida mpango wa namna hiyo unakuja kwa karatasi: mistari, vipimo na muhuri. Mama anayeuza makala mbele ya mlango wake hawezi kujua kama ule mstari mwembamba unapita kwake. Anaelewa siku msalaba mwekundu unapochorwa kwenye ukuta.

Siku hizi kuna ufundi wa kuonyesha mambo mapema, unaoitwa uhalisia ulioongezwa. Mtu anasimama pale pale, anainua telefone, na kwenye skrini anaona avenyu yake ilivyo, na juu yake barabara ambayo haijajengwa bado, kwa upana wake wa kweli. Akitembea, barabara inabaki mahali pake. Ni ufundi wa mchezo wa Pokémon Go, uliosambaa duniani 2016.

Mu Afrika kazi ya namna hii si mpya. Tangu 2012 UN-Habitat na wenye mchezo wa Minecraft wanasaidia wakaaji kuchora wenyewe viwanja vyao kwenye kompyuta. Kimoja cha kwanza kilikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, katika Kibera, Nairobi. Baadaye, mu Johannesburg, UN-Habitat na kampuni ya Ericsson walijaribu hatua inayofuata: wakaaji wa Braamfischerville, Soweto, waone mawazo yao yakiwa yamewekwa juu ya mahali penyewe.

Faida iko wazi: asiyesoma plani anaweza kubishana na arshitekti, maana wote wawili wanaona kitu kimoja. Lakini picha pia inaweza kudanganya.

GPS ya telefone, hata mahali pa wazi, inaweza kukosea karibu metre 5. Katika Kadutu, metre 5 ni nyumba nzima. Skrini inaweza kuonyesha kwamba nyumba ya jirani ndiyo inaondoka, kumbe ni yako. Kwa hiyo sherti wapimaji wapige vigingi kwanza, na picha ifungwe kwenye vigingi hivyo.

Tena, telefone nyingi za bei ndogo haziwezi ufundi huu. Ikiwa chombo ni kimoja na kiko mkononi mwa mwenye mradi, ni yeye anayechagua cha kuonyesha. Miti na taa ni rahisi kuonyesha. Maji ya mvua yatakayoteremka kwa walio chini ya mlima, na mahali watakapolala waliobomolewa, hayo yanasahaulika haraka.

Basi siku telefone hiyo ikifika kwenye avenyu, wakaaji wasikimbilie kushangaa. Waulize: vigingi viko wapi? Maji yatapita wapi? Anayeondoka anapewa nini? Na la mwisho: karatasi imekwisha kutiwa sahihi? Kama imetiwa, waliitwa kutazama sinema tu.