Hisabati Si Wimbo

Wako ndugu zetu wadaio kwamba kukariri ndio utamaduni wetu: mtoto aimbe jedwali, maana atayajua ukubwani. Nakataa. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Ni nani aliyepata kumfunga mwenziwe kwa kukariri?

Huko Mwamkulu, wilayani Mpanda, wakati wa mavuno ya mpunga, nilimwuliza mtoto wa darasa la sita: tatu gawanya kwa nusu ni ngapi? Akajibu upesi, "Geuza, zidisha, sita." Kwa nini jibu limeizidi tatu? Akainamisha kichwa. Tukaleta madebe matatu ya mpunga na chombo cha nusu debe, akachota mwenyewe, mara sita. Akacheka. Kumbe aliulizwa tu nusu ziko ngapi!

Walimu husema watoto ni wengi na muda ni mfupi. Ni kweli, wala siwalaumu wao kwanza. Lakini tangu 1967 shule za msingi za umma zafundisha kwa Kiswahili. Lugha ya kuelezea tunayo, nasi twaitumia kuimbisha. Mtoto huyo kesho atasimama mbele ya mnunuzi wa lumbesa, ahesabu magunia yake sawasawa, na mpunga uliorundikwa juu ya mdomo wa gunia uende bure.