Usiuite Mto Wetu Korongo

Jumamosi moja ya Septemba nilikuwa mnadani Msalato, nimekaa kwenye benchi chini ya turubai, nasubiri mbavu za mbuzi zigeuzwe upande wa pili. Jirani yangu wa benchi alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamia huku kutoka Dar es Salaam, mtu mcheshi, mkarimu, hata soda yangu alilipa yeye. Akatazama vumbi lililokuwa likitimuliwa na kwato za ng'ombe, akajifuta uso kwa leso, akatamka neno ambalo nimelisikia hadi masikio yameota sugu: "Ndugu yangu, huku kwenu jangwa. Miaka mitano nipo Dodoma, sijaona mto hata mmoja."

Nikamuuliza amefikaje mnadani. Kwa gari. Njiani amevuka madaraja na makalavati mangapi? Hakuhesabu. "Yale siyo madaraja ya mto," akasema, "yale ya makorongo tu."

Ugomvi wangu uko hapo kwenye hilo "tu". Korongo, kwa anayelitamka hivyo, ni shimo lililochimbwa na mvua kwa bahati mbaya, mahali pa kutupia taka na kukatisha na pikipiki. Mto ni kitu chenye maji, mashua na picha kwenye kalenda. Na kwa kuwa mikondo yetu ina mchanga mtupu miezi saba au minane ya mwaka, basi tumehukumiwa: Dodoma haina mito, watu wake ni watu wa vumbi, maji yao yatatoka kwingine. Imani hii haiko kwa wageni peke yao. Tunayo sisi wenyewe, tuliozaliwa hapa, na ndiyo inayotugharimu zaidi.

Tuanze na jina. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji akanasa matopeni, watu wakasema idodomya, imezama, na mahali pakabaki na jina hilo. Usiniulize mwaka wala nani alimwona huyo tembo, ni simulizi. Lakini hebu fikiri: watu waliotafuta neno la kupaita kwao waliliacha vumbi lote hili, wakachukua tope.

Halafu mvua. Dodoma hupata kwa wastani milimita 570 hivi kwa mwaka. London, ambayo sijasikia mtu akiiita jangwa, hupata kama 600. Jangwa, kwa kipimo cha kawaida cha wanajiografia, huanzia chini ya milimita 250. Kinachotutenga na Waingereza ni namna mvua inavyokuja. Kwao hunyesha manyunyu mwaka mzima na jua limepoa; kwetu hushuka kwa fujo kati ya Desemba na Aprili, kisha jua hukaa likilamba kila kilichoachwa wazi. Nchi hii ni kame, sibishi. Njaa imepita hapa na kuacha jina: Mtunya, ile ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, bado inatajwa. Ila kame ni kame na jangwa ni jangwa, na anayeyachanganya hayo mawili hauoni mto hata akiwa amesimama katikati yake.

Huyo jirani yangu, kwa mfano, hajui kwamba kaskazini ya pale tulipokaa, kwenye bonde la Makutupora, unapita mto unaoitwa Kinyasungwe Ndogo. Unashuka hadi bwawa la Hombolo, unaendelea kuungana na Kinyasungwe mkubwa, unapita Gulwe, ukikaribia Kilosa unaitwa Mkondoa, baadaye unakuwa Wami, na unaingia Bahari ya Hindi huko Saadani. Tone la mvua la Makutupora, lisiponywewa na mchanga njiani, lina njia ya kwenda kutazamana na Zanzibar. Na mto huu una hasira. Desemba 2009 na Januari 2010 maji ya bonde hilo yalibomoa reli ya kati kati ya Gulwe na Kilosa, ile iliyojengwa na Wajerumani, na treni zikasimama kwa miezi. Anayedhani ni korongo amuulize mtu wa reli.

Lakini hasira si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni mchanga.

Maji ya bombani Dodoma, kwa sehemu kubwa na kwa miaka mingi, yametoka chini ya ardhi, kwenye visima virefu vya Mzakwe katika bonde hilohilo la Makutupora. Kina cha maji ya visima vile kimeandikwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu ndefu kama hiyo ni adimu Afrika nzima. Laiti tungekuwa tunajivunia daftari lile kama tunavyojivunia zabibu. Richard Taylor na wenzake, Watanzania wakiwemo, walilisoma na kuchapisha walichokiona katika jarida la Nature Climate Change mwaka 2013. Walichokuta ni kwamba akiba ile haijazwi na kila mvua. Miaka inapita maji yakishuka tu, kisha unafika mwaka wa mvua nzito kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa 1997/98, na kiwango kinapanda kwa kishindo. Utafiti mwingine wa mwaka 2021 ulionyesha mlango yanakopitia: mikondo ya msimu. Maji ya mafuriko hupita juu ya mchanga, mchanga ukayanywa, yakazama taratibu hadi kwenye akiba.

Kwa lugha ya mnadani: korongo analolidharau bwana yule ndilo alilopigia mswaki asubuhi.

Mji huu, uliokuwa na watu 765,179 kwenye sensa ya 2022, unakunywa mto usioonekana. Kuuita mkavu kwa sababu juu hakuna maji ni sawa na kusema mtu hana kitu kwa kuwa mfukoni hana chenji, na fedha zake ziko benki.

Haya yote watu wa hapa waliyajua kabla ya jarida lolote. Mwezi uleule wa mnada nilishuka kwenye mkondo mmoja jioni, nikamkuta mama mtu mzima amepiga magoti mchangani, kichwa na mabega ndani ya shimo, punda wake amesimama pembeni na madumu manne. Shimo lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba, ng'ombe wasilikanyage. Wao walikuwa na lao, hatua thelathini chini yake. Alikuwa akichota kwa bakuli la plastiki lililopasuka ukingo. Maji ya kwanza, ya rangi ya chai ya maziwa, aliyamwaga. Akangoja. Ukutani mwa shimo mchanga ukaanza kutoa jasho, jasho likawa michirizi, na chini pakajaa kidimbwi cheupe chenye upana wa sinia. Hapo ndipo akaanza kujaza dumu, bakuli kwa bakuli, bila haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji yako mbali mwaka huu?"

"Kiunoni," akasema. "Mwaka jana yalikuwa magotini."

Nikamwonyesha sehemu pana zaidi ya mkondo, juu kidogo, ambako ingekuwa karibu na njia ya punda. Mbona hachimbi pale? Akacheka kwa puani. "Pale wamekwangua mpaka mwamba. Mwamba unatoa maji?"

Waliokwangua ni wenye malori. Sitawalaumu peke yao, kwa sababu sijui nyumba hata moja Dodoma ambayo haikula mchanga wa mto, yangu ikiwemo. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, baada ya uamuzi wa 1973 kusinzia zaidi ya miaka arobaini, mji umekuwa ukijengwa usiku na mchana, na tripu za mchanga hazipumziki. Ila tuelewe tunachobeba. Mchanga ule ni tangi na kifuniko chake: unayaficha maji jua lisiyafikie na kuyachuja yakishuka. Ukiuondoa mpaka mwamba, mafuriko ya Januari yatapita kama gari lisilo na breki na hayatabakisha hata bakuli moja.

Ukambani, kule Kitui na Machakos nchini Kenya, wao wamefanya kinyume chake. Wanajenga ukuta mfupi wa mawe na saruji kukatisha mto wa msimu. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na ndani yake maji yanakaa kiangazi chote. Bwawa ambalo ukilipita hulioni. Mkamba analima mchanga mtoni kama mazao, sisi tunauza wetu kwa tripu.

Na hapa neno "korongo" linaacha kuwa utani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Dalali wa viwanja anaijua sheria hiyo kuliko mwanasheria. Ndiyo maana siku ya kukuonyesha kiwanja hasemi mto. Anakuja Agosti, kila kitu kimekauka, mbuzi wanalala kwenye mkondo, anakunyooshea kidole: "Mpaka wako unaishia pale kwenye kikorongo." Kwa neno hilo moja mita 60 zimeyeyuka. Unajenga, unapaka rangi, unapanda mwarobaini wa kivuli, na siku mto unaporudi kwake unapiga simu redioni kulalamika kwamba maji yameingia nyumbani kwako. Nani kaingia kwa mwenzake? (Korongo, tusisahau, ni ndege pia, yule mwenye miguu mirefu. Huyo walau anajua palipo na maji.)

Najua nitakachojibiwa. Mji umekua, visima vya Mzakwe havitoshi, ndiyo maana kuna mpango wa bwawa la Farkwa na wa kuyavuta maji kutoka Ziwa Victoria. Sina ugomvi na bomba. Watu lazima wanywe. Nachukia tu ile raha ninayoisikia kwenye sauti za watu wakilitaja, kana kwamba siku maji ya ziwa yatakapofika tutakuwa tumeruhusiwa kuumaliza mto wetu. Kisima kina shida lakini bado kinakunyweshea mji, nawe unakifukia kwa kuwa umeahidiwa mtungi wa jirani aliye mamia ya kilomita! Hapa Msalato uwanja wa ndege wa kimataifa unajengwa. Vizuri sana, nami siku moja nitapanda ndege hapo. Lakini lami ya ukubwa ule hainywi mvua. Kila tone litakaloangukia juu yake litatafuta pa kwenda, na njia linayoijua ni ile tunayoiita korongo. Kwenye mikutano nimesikia watu wakiuliza habari za ajira, fidia na barabara. Sijasikia anayeuliza habari za maji hayo.

Bwana yule wa mnadani tulipeana namba. Nilimsahau. Katikati ya Januari, saa mbili usiku, akanipigia, na nyuma ya sauti yake nilisikia mngurumo ambao mtu wa huku haulizi ni wa nini. Alikuwa amejaribu kukatisha mkondo wakati maji bado ya vifundoni, maana aliona ni korongo. Gari likazama magurudumu mawili ya mbele, akatoka kwa dirishani na sasa alikuwa ukingoni, viatu mkononi. Alitaka kujua kama nina kamba.

Kamba ninayo. Nilipofika, vijana sita wa jirani walishafika kabla yangu, wamekunja suruali, wanajadiliana naye bei ya kusukuma. Walitaka elfu sitini. Alianza kwa ishirini, akatazama maji yalivyokuwa yakipanda mlangoni, akalipa sitini.

"Mto gani huu?" akaniuliza.