Kichujio Kisichochuja

Tumekwisha kuona kwamba kiambishi ki- na kiishio -o huunda majina ya vifaa kutokana na vitenzi: funika huzaa kifuniko, chuja huzaa kichujio. Hapa tunatoa rai yetu juu ya istilahi moja inayoivunja kanuni hiyo.

Wauzaji wa kamera huwa na kioo cha mviringo kinachofungwa mbele ya lenzi ili kupiga picha ya kitu kilicho karibu sana, kama vile ua au mdudu. Wengi hukiita filta. Na anayefasiri jina hilo bila kukitazama kifaa huandika kichujio cha ukaribu. Chanzo cha kosa ni wazi. Kioo hicho kina hesi na vipimo vilevile vya vichujio halisi, milimita 52 au 58, nacho huuzwa pamoja navyo. Lakini kichujio huzuia sehemu ya mwanga, ilhali kioo hiki huipinda miale yake, mfano wa miwani ya kusomea. Lenzi ya kamera ikielekezwa mbali kabisa, kioo cha dayopta 2 hukionyesha waziwazi kitu kilicho umbali wa sentimita 50; cha dayopta 4, sentimita 25. Hiyo ni lenzi, nasi twapendekeza iitwe lenzi ya nyongeza.

Kipo kifaa kingine, bomba tupu lisilo na kioo, ambalo hukaa kati ya lenzi na kamera. Hili tusiliite lenzi hata kidogo. Je, ni bomba la kurefusha au la kurefushia? Twachagua la pili. Nguo za kufua ni zile zinazongoja kufuliwa, bali sabuni ya kufulia ni chombo cha kazi hiyo; vivyo hivyo, bomba la kurefusha laweza kudhaniwa kuwa ndilo litakalorefushwa. Kwa kauli hiyohiyo ya kutendea twapata pete ya kugeuzia lenzi. (Na bomba la kukunjwa na kukunjuliwa halihitaji jina jipya: mhunzi ana mivukuto tangu zamani.)

Mwalimu atakayefundisha Nesitu, kando ya barabara ya Juba–Nimule, ana sababu zaidi ya kulijali jambo hili. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na wengi wa wanafunzi wake watakutana na Kiswahili darasani baada ya Kibari au lugha nyingine ya nyumbani, Kiarabu cha Juba na Kiingereza. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo kanuni ndiyo fimbo ya kutembelea. Tukimfundisha kwamba jina hutaja kazi ya kifaa, kisha tukampa kichujio kisichochuja, aamini lipi? Na mwalimu wa Biolojia akiagiza kichujio kutoka Juba ili apige picha za panzi, asishangae akiletewa kioo chenye rangi.

Wapo watakaosema kwamba mazoea hushinda mantiki. Kwa maneno ya mkopo twakubali. Lenzi ni neno la Kilatini lenye maana ya dengu, kama adasa ya Waarabu, wala hakuna anayefikiria chakula alisemapo. Kwa hiyo filta ya dukani twaweza kuivumilia, kwani haina kitenzi cha Kiswahili ndani yake. Kichujio kinacho, na kila apikaye chai hukisikia.