Usiuze MG ya guka kwa kilo, kwanza shona viti

Kijana mwenzangu, hebu nikuulize swali moja na unijibu ukweli. Kule ushago kwenu, nyuma ya ghala au chini ya mwembe, hakuna gari kuukuu lililofunikwa turubai ambalo kuku wamelifanya nyumba? Kwetu lilikuwepo. MGB GT ya mwaka wa 1971, milango miwili, mali ya marehemu guka. Alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao Uingereza. Guka alipoacha kuliendesha, kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva.

Mwaka juzi akaja mnunuzi wa vyuma kuukuu na mizani yake. Wazee wakaketi, bei ikatajwa. Pesa hizo zingetosha kununua simu, tena si ile ya kujivunia. Nikasema basi nipeni mimi. Baba mdogo akacheka hadi akashika mbavu: “Wewe ambaye hujui kubadilisha tairi?” Shosho peke yake hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na ufunguo uliofungwa kwenye leso, akaniwekea mkononi bila kusema neno.

Leo nataka kukushawishi juu ya mambo mawili. Kwanza, gari kama hilo lisiuzwe kwa kilo. Pili, kazi ya kuliokoa si lazima ianzie kwenye injini, kama wengi tunavyodhani. Inaweza kuanzia ndani, kwa viti, kapeti na vibao vya milango, na hiyo unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani.

Kwa wasioijua, MGB ilianza kutengenezwa mwaka wa 1962 katika mji wa Abingdon, Uingereza. GT yenye paa ikafuata mwaka wa 1965. Hadi kiwanda kilipoacha kuitengeneza mwaka wa 1980, zilikuwa zimetoka zaidi ya 500,000. Kwa hivyo hili halikuwa gari la wafalme. Lilikuwa gari la mwalimu, la karani, la kijana aliyepata kazi yake ya kwanza akataka kukata upepo Jumapili. Injini yake ni ya lita 1.8 tu. Lakini ukiketi ndani, umekaa chini kabisa karibu na lami, hata kilomita 60 kwa saa zinahisi kama mashindano.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kulichunga. Kwa kawaida, sheria ya Kenya hairuhusu kuagiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Maana yake ni kwamba MG, Triumph na Austin-Healey utakazokutana nazo hapa nyingi ni zile zilizobaki tangu zamani. Ikikatwa moja kwa ajili ya vyuma, si rahisi ije nyingine kuziba pengo.

Sasa, kwa nini uanze na ndani?

Kwa sababu injini inadai vitu ambavyo wewe na mimi hatuna. Inadai winchi ya kuinulia, shimo la kuingilia chini ya gari, na fundi ambaye hatakudanganya. Ndani inadai bisibisi, spana chache, wembe, sindano, gundi na subira. Hukodishi gereji. Veranda inatosha. Kiti cha MGB unakifungua bolti zake, unakibeba, unakiweka mezani pale mnapolia chakula, mradi mama awe hayupo.

Jambo la kwanza kabisa: kata umeme. Kwenye MGB za miaka hiyo utatafuta betri kwenye boneti hadi uchoke. Ziko mbili, za volti 6 kila moja, zimefichwa nyuma ya viti chini ya sakafu. Ondoa waya kabla hujagusa kitu chochote kwenye dashibodi. Nyaya za miaka 50 hazina mchezo.

Pili, piga picha. Piga picha ya kila skrubu kabla hujaifungua, kisha uitie kwenye mfuko wake na uandike jina. Utajiambia utakumbuka. Hutakumbuka. Mimi nilibaki na skrubu tisa ambazo hadi leo hatujuani.

Tatu, inua kapeti, na hapo ndipo utajua ukweli. Magari haya yana mrija mdogo wa kutolea maji ya mvua yanayoingia kupitia tundu la hewa mbele ya kioo. Mrija ule ukizibwa na majani, maji huingia ndani, yakalala chini ya kapeti na kuila sakafu polepole. Yangu ilikuwa imetoboka upande wa abiria hadi nikaona nyasi. Ukikuta hivyo, usinunue kapeti mpya. Zibua mrija, ita mchomeleaji akate bati bovu na kuunganisha jipya, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha ndiyo ufikirie kapeti. Kuweka kapeti mpya juu ya kutu ni kama kuvaa suti juu ya kidonda. Utapendeza kwa wiki moja.

Vibao vya milango ndiyo mahali pazuri pa kujifunzia. Ni kadibodi ngumu iliyofunikwa ngozi bandia. Ya kwetu ilikuwa imefura maji ikawa kama chapati. Nilichukua ile ya zamani, nikailaza juu ya hadibodi mpya, nikachora kwa penseli, nikakata na kutoboa matundu. Nikipaka gundi pande zote mbili, nasubiri hadi isishike kidole, ndipo naunganisha. Hapo hakuna kurudia, ukikosea umekosea. Na fungua madirisha. Gundi hiyo ina harufu ya kukulevya, na haitaki kuwa karibu na jiko la mkaa.

Kisha viti. Hapa ndipo kuna utamu wenyewe. Kiti cha MGB kina fremu ya chuma, utando wa mpira unaobeba uzito wako, sponji juu yake, halafu kitambaa. Mpira hukatika kwa uzee, sponji huwa unga. Ukikifungua usitupe lile vazi la zamani hata kama linanuka kuku. Fumua nyuzi zake taratibu, kipande kwa kipande, andika nyuma yake “kushoto”, “juu”, “mbele”. Hivyo ndivyo vielelezo vyako vya kukatia ngozi mpya. Aliyekata vipande vile mwanzo alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na kwa saa chache unakuwa mwanafunzi wake bila yeye kujua.

Nikukiri kosa langu. Nilijiona mjanja, nikanunua sponji ya sofa, nene, ili kiti kiwe laini. Nilipomaliza kushona na kufunga kila kitu, nikaketi. Kichwa kikagusa paa na magoti yakagusa usukani. Wikendi mbili zikaenda na maji. Ilinibidi nifumue, nitafute sponji ngumu zaidi na nyembamba, nianze upya. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifunza vipimo vikanikaa kichwani kama kiti kile.

Cherehani ya nyumbani nayo ilikataa. Ngozi bandia ikifika tabaka tatu au nne pale kwenye ule ukanda mwembamba wa ukingoni, sindano inavunjika. Nikaenda kwa fundi wa viti vya matatu mtaani. Nilifikiri atanicheka. Alishika kipande kimoja, akakipindua, akasema: “Hii kazi ya zamani ilikuwa safi. Kaa hapa nikuonyeshe.” Jumamosi nne nilikaa kwenye kigoda chake nikimshikia ngozi huku yeye akishona, kisha akaniachia cherehani yake. Alinifunza kuanika ngozi juani kabla ya kuivisha kwa kiti, kwa sababu ikipata joto inanyooka bila makunyanzi. Alinifunza kufunika sponji kwa plastiki nyepesi ili vazi liteleze. Sikuyapata hayo popote pengine. Yalikuwa kwenye vidole vyake.

Hapo ndipo nilianza kuona aibu kidogo, na hii ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya.

Sisi vijana wa Nairobi tunasifu nganya za Rongai na Umoja. Tunajua jina la kila moja, tunajua muziki wake, tunapiga picha ndani tukiwa tumeegemea viti vilivyoshonwa kwa rangi tatu na jina la gari katikati. Lakini nani anamjua aliyevishona? Ukimwambia mzazi wako unataka kuwa fundi wa viti, ataita kikao cha ukoo. Heri ukae nyumbani na cheti cha diploma ukisubiri kuitwa kwa mahojiano kuliko uonekane na nyuzi kwenye nywele. Mikono ile ile inayotengeneza matatu ndiyo inayoweza kurudisha uhai MG ya mwaka wa 1971. Ni kazi moja. Tofauti ni kwamba moja tunaiita sanaa ya kizungu na nyingine tunaiita jua kali.

Kila mwaka hapa Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka wa 1970, ambapo magari ya zamani huja yakiwa yameng'ara na majaji huchungulia hadi ndani. Nenda siku moja uangalie. Usiangalie wenye magari tu. Jiulize nani alishona viti vile. Mara nyingi jibu haliko mbali na Kariobangi.

Najua utaniambia huu ni mchezo wa matajiri. Si uongo. Vipuri vya MG vipo, Uingereza bado wanatengeneza hata bodi nzima mpya ya MGB, lakini ukiongeza usafiri na ushuru utalia. Ndiyo maana nakwambia uanze na kile ambacho mikono yako inaweza kutengeneza. Ngozi bandia huuzwa mjini kwa mita. Uzi upo. Hadibodi ipo. Cha kuagiza kilikuwa ule utando wa mpira tu, na hata huo nikatumia mikanda ya mpira wa tairi za ndani, nikiisuka kama kitanda cha kamba. Umeshika hadi leo.

Wengine watasema, mbona tuhangaike na gari la mkoloni? Hilo nalo lina uzito. Lakini hili halikubaki la mkoloni. Guka alililipia kwa mshahara wake, akampeleka shosho hospitalini kujifungua ndani yake, na aliposimamishwa na polisi barabarani aliulizwa gari hili ni la bosi gani. Akajibu, “Ni la bosi mimi.” Hiyo hadithi inasimuliwa nyumbani kila Krismasi. Ukiuza gari kwa kilo, miaka kumi baadaye utaisimulia hadithi na watoto watakuuliza, “Gari lenyewe liko wapi?”

Na usidanganyike ati utatajirika. Ukipiga hesabu ya muda wako, biashara hii ni hasara tupu. Usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya kapeti. Ukiwa na kodi ya nyumba ya kulipa, gari lisubiri. Limesubiri miaka, halitakufa wiki hii, mradi umelifunika vizuri na kuzibua ule mrija.

Jambo moja zaidi, na hapa najua tutagombana. Usilitie taa za buluu sakafuni. Usiweke skrini kubwa katikati ya dashibodi. Ile dashibodi nyeusi ya chuma yenye rangi iliyokunjamana kama ngozi ya mzee, pamoja na mishale midogo ya Smiths, ndiyo uso wa gari. Matatu ni matatu, nayo ina uzuri wake wa kelele. Gari la guka lilikuwa na utulivu wake. Kurudisha kitu ni kukisikiliza kwanza. Ukitaka muziki, weka simu mfukoni na uimbe mwenyewe. Gari ni dogo, utasikika.

Injini ya MG yetu bado haijawaka. Nisikudanganye. Lakini mwezi uliopita viti vilirudi ndani, vyeusi, vimenyooka, na kapeti imelala juu ya sakafu isiyovuja. Nilimwita shosho. Alifungua mlango wa abiria mwenyewe, akaingia polepole kwa mguu mmoja, akapapasa ukingo wa kiti kwa kidole. Akakaa. Nikamsubiri aseme kitu kuhusu kazi yangu. Akageuka akatazama kiti cha dereva, akaniambia, “Basi ingia, mbona umesimama nje?”

Tulikaa humo karibu saa nzima bila kwenda popote. Baba mdogo alipita akatuona. Hakucheka.

Kwa hivyo, ukienda nyumbani likizo hii, inua lile turubai. Fukuza kuku. Fungua kiti kimoja tu, ukilete mjini kwa basi hata kama kondakta atakulipisha mzigo, kisha umtafute fundi wa viti aliye karibu nawe na umwombe akufunze. Mnunuzi wa vyuma atarudi na mizani yake, hilo nina hakika. Akirudi, akukute umeketi ndani.